Jibu moja halitoshi: Funzo la lugha za kompyuta kutoka kingo za Mto Tana

Na MWANDISHI WETU

WAKAZI wa Garsen na vijiji vilivyo kandokando ya Mto Tana hawahitaji kufundishwa maana ya mafuriko. Waliyaona wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, yalipoharibu mradi wa mpunga wa TARDA katika delta. Wakayaona tena katika masika ya 2018, katika vuli ya 2023 na katika masika ya 2024. Katika msimu huo wa 2023, barabara ya kutoka Garsen kuelekea Lamu ilikatwa na maji eneo la Gamba, na wasafiri wakakwama pande zote mbili.

Kila yanapotokea hayo, swali linaloulizwa kwanza huwa ni lile lile: Maji yamefika wapi?

Swali hilo linaonekana kuwa na jibu moja. Kwa hakika lina majibu kadhaa ambayo yanapaswa kufika pamoja. Mtu akipigiwa simu na kuambiwa “mita nne” hajaambiwa kitu cha kumfaa. Je, ni mita nne za leo asubuhi au za juzi? Maji yanapanda au yanashuka? Aliyepima aliusoma ubao kwa macho yake, au alikisia kwa sababu ubao wenyewe umemezwa na maji? Jibu lililotengwa na wenzake linaweza kumfanya mzee wa kijiji awaambie watu walale, ilhali walipaswa kuhama usiku huo huo.

Huenda msomaji akashangaa kusikia kwamba mjadala wa aina hiyo, wa iwapo mjumbe aruhusiwe kurudi na jibu moja tu au majibu mengi kwa pamoja, umewashughulisha waundaji wa lugha za kompyuta kwa zaidi ya miaka 60. Na kwa kuwa siku hizi tahadhari za mafuriko, fedha za misaada na hata matokeo ya uchaguzi hupitia mikononi mwa kompyuta kabla ya kumfikia mwananchi, mjadala huo si wa wataalamu peke yao.

Mtoto aliyetumwa dukani

Programu ya kompyuta ni mlolongo wa maagizo. Inapokuwa ndefu, waandishi wake huigawa katika vijisehemu, na kila kijisehemu hupewa jina na kazi yake maalumu. Kijisehemu cha namna hiyo huitwa fanksheni. Sehemu nyingine ya programu inapotaka kazi hiyo ifanywe, huiita fanksheni kwa jina lake, huikabidhi vitu vinavyohitajika, kisha husubiri. Fanksheni ikimaliza, hurejesha thamani, yaani jibu la kile ilichotumwa.

Mfano wa karibu ni wa mtoto anayetumwa dukani. Mzazi humkabidhi noti ya Sh200 na kumwambia alete kilo moja ya sukari. Mtoto anaporudi, mzazi hatazamii sukari pekee. Anatazamia pia chenji. Hivyo ni vitu viwili kutoka safari moja. Na iwapo sukari imekwisha dukani, mtoto anatakiwa arudi na pesa zote pamoja na habari kwamba sukari hakuna. Mtoto anayerudi mikono mitupu na kunyamaza amemwachia mzazi kazi ya kubahatisha: je, sukari imekwisha, pesa zimepotea, au hajafika dukani kabisa?

Ujumbe wa M-Pesa, huduma iliyoanzishwa nchini Machi 2007, ni mfano mwingine unaojulikana na kila mwenye simu. Anayetuma pesa hutoa agizo moja, lakini ujumbe unaorudi hubeba mengi: nambari ya muamala, kiasi kilichotumwa, jina la aliyepokea, tarehe na saa, na salio lililobaki. Iwapo ujumbe huo ungesema “ndiyo” pekee, ugomvi kati ya wateja na mawakala usingekwisha.

Hata katika hesabu ya kawaida kuna majibu mapacha. Tuseme magunia 50 ya mahindi ya msaada yanagawiwa vijiji vinane. Kila kijiji hupata magunia sita, na magunia mawili hubaki. Sita na mbili ni majibu ya hesabu moja, na hakuna linaloweza kuachwa bila ya magunia kupotea njiani. Wahandisi waliobuni vichakataji vya kompyuta walilifahamu hilo mapema. Katika vichakataji vya jamii ya x86, vilivyomo katika kompyuta nyingi za ofisini, agizo la kugawanya nambari nzima huacha majibu mawili kwa mkupuo mmoja: matokeo ya mgao mahali pamoja, baki mahali pengine. Mashine yenyewe haikuwa na tatizo la kutoa majibu mawili. Waliojifunga kwa jibu moja ni wanadamu walioandika lugha za kuzungumza nayo.

Ubao wa Garsen

Turudi mtoni. Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huanzia maeneo ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupita katika mabwawa matano ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha huteremka kuelekea Garissa, Hola na Garsen hadi baharini karibu na Kipini. Kati ya Garissa na Garsen pana zaidi ya kilomita 200 za barabara, na mto wenyewe hujipinda mno kuliko barabara. Ndiyo sababu wimbi la mafuriko linalopita Garissa huchukua siku kadhaa kabla ya kufika Garsen. Siku hizo ndizo muda wa watu kuhamisha watoto, wagonjwa, mifugo na magunia ya chakula.

Kimo cha maji hupimwa katika vituo vilivyowekwa kando ya mto. Kile cha Garissa hutambuliwa kwa alama 4G01, na cha Garsen kwa alama 4G02. Kifaa cha msingi ni ubao wenye alama za mita na sentimita uliosimamishwa majini, ambao msomaji wake huutazama na kuandika alichoona. Wataalamu wa maji huchukua kimo hicho na, kwa kutumia mchoro uliotayarishwa kwa kila kituo, hukadiria ni mita ngapi za ujazo za maji zinazopita kila sekunde.

Hapa ndipo jibu moja linapoanza kudanganya. Mto unapokuwa ndani ya kingo zake, maji yakiongezeka, kimo hupanda kwa kiasi kinachoonekana wazi. Lakini maji yakishazipita kingo na kuanza kutandaa mashambani na malishoni, kimo kwenye ubao hupanda pole pole mno, hata kama maji yanayoshuka kutoka juu yanazidi kwa wingi. Mwenye kutazama ubao peke yake anaweza kudhani kwamba hali imetulia, kumbe maji yameshaacha njia ya mto na yanatafuta nyumba za watu. Katika nchi tambarare kama ile ya Garsen, Ngao, Wema, Hewani na Golbanti, hilo si jambo dogo.

Sasa tuchukulie kwamba kijana wa kaunti ya Tana River ameandika programu ya kutuma tahadhari kwa simu. Ndani yake ameweka fanksheni inayopewa alama ya kituo na kurejesha kimo cha maji. Je, fanksheni hiyo irejeshe nini? Kimo pekee? Kimo pamoja na saa kilipopimwa? Na ikiwa kipimo hakikupatikana, irejeshe nini? Swali hili la mwisho ndilo lililoleta madhara mengi kuliko yote katika historia ya programu.

Sifuri yenye maana mbili

Lugha nyingi za zamani ziliruhusu fanksheni kurejesha thamani moja tu. Mwandishi wa programu aliyetaka kusema “nimeshindwa” alilazimika kuitumia thamani ile ile moja kwa kazi mbili: kubeba jibu na kubeba habari ya kushindwa. Aliteua nambari fulani iwe ishara ya kosa. Wengine waliteua sifuri, wengine hasi moja, na katika kumbukumbu za hali ya hewa na za mito ulizoeleka mtindo wa kuandika -999 au -9999 mahali ambapo kipimo hakikupatikana.

Mtindo huo hufanya kazi mradi kila anayesoma anaijua siri. Asiyeijua huichukua -999 kama kipimo halisi, huiingiza katika hesabu ya wastani wa wiki, na wastani hutoka ukionyesha kwamba mto umekauka. Sifuri ni mbaya zaidi, kwa maana -999 angalau humshtua msomaji, lakini sifuri hufanana na habari njema. Kituo kilichosombwa na maji usiku wa mafuriko kinaweza kuonekana kwenye jedwali kama kituo chenye sifuri, yaani mahali penye usalama kuliko pote.

Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mapema katika miaka ya 1970, imejaa mifano ya namna hii. Fanksheni yake ya getchar husoma herufi moja moja, na maandishi yanapokwisha hurejesha thamani maalumu ambayo kwa kawaida ni hasi moja. Mwanafunzi anayeiweka thamani hiyo katika nafasi inayotosha herufi tu hugundua kwamba programu yake ama haikomi kusoma, ama hukoma kabla ya wakati, kwa kuwa alama ya mwisho imechanganyika na herufi halali.

Lugha ya PHP, ambayo ilianzishwa na Rasmus Lerdorf mwaka wa 1995 na imetumiwa kuunda tovuti nyingi, inao mtego mwingine. Fanksheni yake ya strpos hutafuta neno ndani ya maandishi na kurejesha nafasi neno hilo lilipo. Nafasi huhesabiwa kuanzia sifuri. Neno lisipopatikana, hurejesha thamani ya “si kweli”, ambayo PHP, ikilinganishwa kwa uzembe, huiona kuwa sawa na sifuri. Tuseme programu inachuja jumbe zinazotoka mashinani na kumpelekea afisa zile zenye neno “Garsen”. Ujumbe unaosema “Hali ni mbaya Garsen” utapita. Ujumbe unaosema “Garsen maji yamevunja kingo” utatupwa, kwa sababu neno limepatikana katika nafasi ya sifuri, na programu imedhani halipo. Aliyewahi kutaja mahali alipo ndiye asiyesikika.

Msomaji aone kwamba kasoro haimo katika kompyuta wala katika mwandishi mvivu peke yake. Imo katika mkataba: mjumbe amepewa mfuko mmoja, akaamriwa abebe humo jibu na udhuru kwa pamoja.

Kukwepa kwa hila

Waandishi wa programu hawakukaa wakilalamika. Walibuni njia za kukwepa kizuizi hicho, na baadhi zingali zinatumika.

Njia ya kwanza ni ya kumpa mjumbe vyombo vitupu aende navyo. Fortran, lugha iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka wa 1957 chini ya uongozi wa John Backus, ilipata katika toleo lake la pili la 1958 vijisehemu ambavyo badala ya kurejesha jibu viliandika majibu yao katika vyombo vilivyokabidhiwa. Lugha ya C hufanya vivyo hivyo kwa kukabidhi anwani za mahali majibu yatakapowekwa. Ni sawa na mzazi anayempa mtoto kikapu na kibeti: sukari itiwe humu, chenji itiwe mle. Njia hii hufaa, ila humchanganya msomaji wa programu, kwa maana haonyeshwi wazi kipi ni ombi na kipi ni jibu. Chombo kinachoachwa bila kujazwa huenda kikabaki na masalia ya zamani, na masalia hayo yakasomwa kama habari mpya.

Njia ya pili ni ya bahasha. Majibu yote huwekwa ndani ya bahasha moja, kila jibu likiwa na jina lake, na fanksheni hurejesha bahasha. Kwa kanuni za lugha hiyo ni thamani moja, ingawa ndani yake mna nyingi. Java, iliyotolewa mwaka wa 1995, ilishikilia njia hii. Kwa miaka mingi waliilalamikia kwa kuwa kila bahasha ilihitaji kubuniwa kwa mistari mingi ya maandishi. Kilio hicho kilijibiwa katika toleo la 16 la mwaka wa 2021, ambalo liliweka rasmi namna fupi ya kutangaza bahasha kama hizo.

Lugha zilizofungua mlango

Wapo waliosema tangu zamani kwamba hakuna haja ya hila. Katika miaka ya 1970, Barbara Liskov na wenzake wa chuo cha MIT walibuni lugha ya CLU, ambamo fanksheni iliweza kurejesha thamani kadhaa na aliyeiita akazipokea zote kwa mstari mmoja. Common Lisp, iliyoelezwa katika kitabu cha mwaka wa 1984, iliupanua mlango huo. Fanksheni yake ya kugawanya hurejesha matokeo na baki. Fanksheni yake ya kutafuta kitu katika jedwali, gethash, hurejesha kitu chenyewe pamoja na habari ya iwapo kilikuwamo. Kwa hiyo “nimekuta sifuri” na “sikukuta chochote” ni kauli mbili zisizoweza kuchanganywa na mwenye kusikiliza zote.

Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka wa 1991, iliufanya mtindo huu uwe jambo la kila siku. Mwandishi huorodhesha majibu akiyatenga kwa mkato, na aliyeita huyapokea kwa majina anayoyataka. Fanksheni yetu ya Garsen ingeitwa hivi:

kimo, saa, hali = soma_kituo("4G02")

Mstari huo unasomeka karibu kama sentensi ya Kiswahili. Na aliyeita akitoa majina mawili ilhali majibu ni matatu, Python husimama na kulalamika badala ya kuendelea kwa kubahatisha.

Lua, lugha iliyozaliwa mwaka wa 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro nchini Brazil, nayo huruhusu majibu mengi. Ikiombwa kufungua faili na kushindwa, hurejesha utupu pamoja na maelezo ya sababu. Inafaa kukumbusha kwamba Lua haikutoka Marekani wala Ulaya, na bado imeenea duniani kote, hasa katika michezo ya kompyuta. Vijana wetu wasidhani kwamba kazi ya kubuni lugha za kompyuta ni ya wengine daima.

Lugha iliyoupa mtindo huu nguvu ya sheria ni Go, iliyotangazwa na kampuni ya Google mwaka wa 2009. Waliyoibuni ni Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson. Katika Go, ni desturi kwa fanksheni yoyote inayoweza kushindwa kurejesha vitu viwili: jibu na hitilafu.

kimo, hitilafu := somaKituo("4G02")

Anayepokea hutakiwa kwanza kuitazama hitilafu. Ikiwa haipo, kimo kinaaminika. Ikiwapo, kimo kisitumike hata kama kinaonekana kizuri. Mwandishi anayetangaza jina la hitilafu kisha asilitumie popote hukataliwa na Go yenyewe. Programu haitatayarishwa hadi arekebishe.

Mjumbe anapopuuzwa

Hata hivyo, si kweli kwamba majibu mengi yameondoa kila tatizo. Kuna mambo matatu ya kuangaliwa.

La kwanza ni kupuuza kwa makusudi. Katika Go, mwandishi anaweza kuandika alama ya mstari wa chini mahali pa hitilafu, na maana yake ni kwamba habari hiyo itupwe. Common Lisp na Lua huyatupa majibu ya ziada kimya kimya iwapo aliyeita ametaka moja tu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lugha inaweza kumlazimisha mjumbe aseme ukweli, lakini haiwezi kumlazimisha aliyemtuma asikilize.

Kwa sababu hiyo, lugha kama Haskell na Rust zilichukua mkondo mwingine. Badala ya kurejesha jibu na hitilafu bega kwa bega, hurejesha kitu kimoja ambacho ama ni jibu ama ni hitilafu, wala hakiwezi kuwa vyote viwili. Anayepokea halioni jibu mpaka afungue na kueleza atafanya nini iwapo ndani mna hitilafu. Rust, ambayo toleo lake la kwanza thabiti lilitoka mwaka wa 2015, humwonya mwandishi anayekiacha kifurushi hicho bila kukifungua. Tofauti ni kama ya mjumbe anayekuja na karatasi mbili mkononi, moja ikiwa tupu, na mjumbe anayekuja na barua moja iliyofungwa ambayo huwezi kujua ni ya heri au ya shari mpaka uisome.

La pili ni mpangilio. Majibu yanayotambuliwa kwa nafasi zao, la kwanza, la pili, la tatu, yanaweza kubadilishana nafasi bila ya mtu kugundua. Mfano ni wa mahali mji ulipo duniani. Garsen ipo takriban nyuzi 2.27 kusini mwa ikweta na nyuzi 40.12 mashariki. Katika kompyuta, kusini huandikwa kwa alama ya hasi, hivyo fanksheni itarejesha -2.27 na 40.12. Mwandishi akiyapokea majibu hayo kinyumenyume, ramani yake itamwonyesha mahali palipo nyuzi 40.12 kaskazini na 2.27 magharibi, yaani karibu na mji wa Cuenca nchini Uhispania. Nambari zote mbili ni sahihi, hakuna hitilafu iliyoripotiwa, lakini helikopta ya uokoaji imeelekezwa bara jingine. Dawa yake ni kuyapa majibu majina badala ya kutegemea nafasi, hasa yanapozidi mawili au matatu.

La tatu ni vipimo. Nambari isiyoambatana na kipimo chake ni jibu nusu. Septemba 23, 1999, shirika la anga la Marekani, NASA, lilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kilichokuwa kikiwasili katika sayari ya Mirihi. Uchunguzi ulionyesha kwamba programu moja ilitoa nambari kwa vipimo vya Kiingereza vya ratili, ilhali iliyozipokea ilitarajia vipimo vya newtoni. Hakuna mtu aliyesema uongo. Nambari zilisafiri bila ya jina la kipimo, na kila upande ukadhani unaelewana na mwenzake. Katika ubao wa mtoni, mita na futi hazitofautiani kwa sura zikiandikwa kwa nambari tupu.

Deni kwa anayesubiri ng'ambo

Wenye kazi ya kuhariri habari hulitambua jambo hili bila ya kusoma lugha yoyote ya kompyuta. Mwandishi akileta kwamba “watu 30 wamehama”, mhariri humrudisha: wamehama kutoka wapi, lini, na nani amesema? Nambari isiyo na mahali, wakati na chanzo haichapishwi, hata ikiwa ni ya kweli. Anayeunda fanksheni ya kurejesha kimo cha maji anafanya kazi ya mwandishi wa habari, na anayeiita anafanya kazi ya mhariri.

Kwa vijana wanaojifunza kuandika programu katika vyuo vyetu, funzo ni fupi. Kabla ya kuandika fanksheni, jiulize anayesubiri jibu atahitaji kujua nini ili aweze kuchukua hatua. Ikiwa ni vitu viwili, rejesha viwili. Ikiwa vinazidi vitatu, vitie katika bahasha yenye majina. Usiitumie sifuri wala nambari yoyote halali kama ishara ya kushindwa. Na kushindwa kukitokea, kuwe na mahali pake maalumu pa kukutaja, pasipoweza kupitwa kwa bahati mbaya.

Kwa maafisa wanaonunua au kuagiza mifumo ya tahadhari kwa niaba ya wananchi, yapo maswali yasiyohitaji utaalamu. Kituo kikiacha kutuma habari, skrini itaonyesha nini? Je, itabaki na nambari ya jana? Je, itaonyesha sifuri ya rangi ya kijani? Au itasema waziwazi kwamba haijui? Muuzaji asiyeweza kuyajibu maswali hayo kwa kuonyesha hajamaliza kazi yake.

Na kwa wakazi wa Garsen, Ngao, Wema na Golbanti, ambao hupokea tahadhari kwa simu, redio na baraza za chifu, ni haki yao kuuliza zaidi ya nambari. Imepimwa wapi, Garissa au Garsen? Imepimwa saa ngapi? Maji yanapanda au yanashuka? Kipimo kimesomwa au kimekisiwa? Maswali hayo manne yanaweza kujibiwa katika ujumbe mmoja mfupi wa simu, na nafasi ikabaki. Maji yanayopita Garissa leo yatahitaji siku kadhaa kufika. Habari zake, zikiletwa kamili, huhitaji sekunde chache tu.